Ruta ya laini ya simu kwa nyumba ya mlimani: nipime nini kabla ya kununua?

Mwalimu_Usambara

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa sekondari katika tarafa ya Mlalo, wilayani Lushoto. Nyumba yangu ipo kwenye mteremko, bonde likiwa chini yetu, na minara miwili ya kampuni tofauti inaonekana kwa macho: mmoja upo juu ya kilima cha ng'ambo, mwingine upo mbali zaidi, kuelekea upande wa Mtae.

Kwa sasa tunatumia hotspoti ya simu yangu. Kijana wangu anasoma Chuo Kikuu Huria akiwa nyumbani, mke wangu anapokea oda za karoti na kabichi kwa WhatsApp kutoka kwa wanunuzi wa Tanga na Dar es Salaam, nami natafuta mitihani ya zamani na video za masomo kwa ajili ya wanafunzi. Simu ikipigwa, intaneti inakatika kwa wote. Nikitoka nayo kwenda shuleni, nyumbani wanabaki bila kitu. Ndiyo maana nataka kununua ruta inayotumia laini ya simu, ikae nyumbani moja kwa moja.

Muuzaji mmoja mjini Lushoto ameniambia kwamba ruta yoyote ya 4G itafaa. Nina wasiwasi, kwa sababu uani simu inaonyesha baa mbili hadi tatu, lakini sebuleni, chini ya bati, mara nyingi haionyeshi chochote. Naomba kujuzwa: je, ruta itashika mtandao mahali ambapo simu haishiki? Antena ya nje inahitajika? Na kifurushi kinachoitwa hakina kikomo kinafaa kwa familia ya watu watano, au ninunue cha gigabaiti zinazohesabika?

Fundi_Makete

Mwalimu, salaam kutoka Makete, ambako nasi tunaishi kwa kutafuta mnara nyuma ya vilima. Muuzaji wako amekueleza nusu tu ya jambo. Ruta haitengenezi mtandao, bali inapokea ule unaofika pale ulipoiweka. Inaizidi simu kwa kuwa antena zake ni kubwa kidogo, haishikwi mkononi wala kuwekwa mfukoni, inakaa mahali pamoja usiku na mchana, na baadhi yake zina matundu ya kuunganishia antena ya nje. Ukiiweka sebuleni chini ya bati, mahali ambapo simu haipati kitu, nayo itapata kidogo sana. Bati ni chuma, na chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Nyumba nyingi za kwetu mtandao huingia kwa madirishani tu.

Jambo la kwanza ninalokuomba ni kuziacha baa. Kila mtengenezaji wa simu huzichora apendavyo, na mara nyingi zinaonyesha nguvu ya 2G, ambayo ndiyo ya kupigia, wakati 4G ya mnara huohuo ni dhaifu au haipo kabisa. Tazama herufi iliyo kando ya baa: ukiona E upo kwenye 2G, H ni 3G, na ruta ya 4G itakufaa pale tu 4G inapofika. Kisha pakua programu yoyote ya bure ya kupima mnara kwenye simu ya Android, au uazime ruta ya mwenzako na ufungue ukurasa wake wa mipangilio kwa anwani iliyobandikwa chini yake, ambayo kwa kawaida ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Humo utakuta vipimo viwili ninavyovihitaji.

Cha kwanza ni RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Huandikwa kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -85 ni nzuri, -100 inavumilika, na ukifika -115 utakuwa unaokoteza. Cha pili ni SINR, yaani usafi wa mawimbi hayo ukilinganishwa na kelele za minara mingine. Zaidi ya 13 ni nzuri, zaidi ya 20 ni nzuri sana, na chini ya sifuri hutafanya kazi ya maana hata kama RSRP inapendeza. Watu wengi hutazama cha kwanza peke yake, wakanunua vifaa vya gharama, na kasi ikabaki ileile.

Kuhusu ruta yenyewe, kagua masafa ya mawimbi (frikwensi) inayopokea kabla ya kutoa hela. Masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta. Ya juu, kama 1800, 2300 na 2600, hubeba data nyingi lakini huzuiwa kwa urahisi na kilima, mti na ukuta. Hapa Tanzania masafa ya 700 yalipigwa mnada na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mwaka 2018, na kwenye orodha ya vifaa hujulikana kama bendi ya 28. Ya 800 ni bendi ya 20, na ya 1800 ni bendi ya 3. Ruta za mtumba zinazoletwa kutoka nje, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya miaka ya nyuma, nyingi hazina bendi ya 28, na nyingine zimefungwa zikubali laini ya kampuni moja tu. Ruta kama hiyo inawaka vizuri dukani mjini ambako kuna 1800 ya kutosha, kisha ikifika kijijini haioni mnara.

Fanya hivi: pima kwa laini zote mbili, ndani na nje, mchana na tena saa mbili usiku wakati watu wamerudi nyumbani. Uje na namba hizo hapa.

Dada_Steshenari

Mwalimu, nami naomba niseme kuhusu vifurushi, kwa sababu nina steshenari Kasulu na ruta ya laini ndiyo inayoniendeshea kazi zote: kujaza fomu za vyuo, kutoa nakala, kupakua matokeo, kutuma maombi ya ajira ya watu.

Kifurushi kinachoitwa hakina kikomo mara nyingi kina kikomo cha namna nyingine. Soma masharti yake hadi mwisho, utaona kwamba baada ya kutumia gigabaiti kadhaa, kasi inashushwa hadi mwezi uishe. Hilo si lazima liwe baya, kwani kwa WhatsApp na barua pepe kasi ndogo inatosha, lakini kijana anayefuatilia kipindi cha moja kwa moja cha chuo ataumia. Muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: kasi inashushwa baada ya gigabaiti ngapi, na inashuka hadi kiasi gani. Akishindwa kujibu, piga huduma kwa wateja ukiwa hapohapo dukani. Uliza pia kama laini ya kifurushi hicho imefungwa kwenye ruta moja, maana zipo zinazokataa kufanya kazi ukizihamishia kwenye kifaa kingine, na siku ruta itakapoungua utajikuta na kifurushi kilicholipiwa usichoweza kukitumia.

Kabla ya kuamua, piga hesabu ya matumizi. Ujumbe na picha za WhatsApp hula kidogo sana. Oda za karoti hazitakumalizia bando. Kinachokula ni video. Saa moja ya video kwa ubora wa 480 hula takribani nusu gigabaiti au zaidi kidogo, ubora wa 720 hufika gigabaiti moja na zaidi, na ukiachia 1080 inaweza kupita hapo mara mbili. Kikao cha Zoom cha watu wengi hula karibu gigabaiti moja kwa saa kamera zikiwa wazi, na ukizima kamera yako hupungua. Kwa hiyo kijana akiwa na saa mbili za masomo kwa siku, na wadogo zake wakitazama video saa mbili kwa ubora wa 480, mtakuwa mmetumia gigabaiti tatu hivi kwa siku, ambazo ni tisini kwa mwezi. Kwa matumizi hayo, kifurushi cha mwezi cha nyumbani chenye kasi inayoshushwa huwa nafuu kuliko kununua gigabaiti kidogo kidogo kila wiki. Ila kama hesabu yako inaishia kwenye ishirini, nunua za kuhesabika.

Adui mwingine ni kompyuta yenyewe. Windows ikiona Wi-Fi inadhani ina mtandao usioisha, na masasisho yake yanaweza kula gigabaiti kadhaa usiku mmoja bila wewe kuomba. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila kompyuta na uiambie kwamba muunganisho huu unapimwa (metered connection). Kwenye simu, zima masasisho ya programu yanayojiendesha yenyewe, na zima upakiaji wa picha wa kila saa. Pale ofisini kwangu hatua hii peke yake ilirefusha kifurushi kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Pia sajili laini kwa alama za vidole zako mwenyewe, kisha hakiki kwa *106#. Zipo laini zinazouzwa ndani ya ruta zikiwa na jina la mtu mwingine, na siku akiifunga hutakuwa na pa kudai.

Mwalimu_Usambara

Nawashukuru sana. Nimeazima ruta ya mwalimu mwenzangu na nimepima kama nilivyoelekezwa.

Laini ya kwanza, ya mnara wa kilima cha ng'ambo: sebuleni RSRP -112 na SINR 1, kwenye kona ya juu ya banda la ng'ombe, mita kama thelathini kutoka nyumbani, RSRP -96 na SINR 4. Saa mbili usiku kasi hapo bandani ilikuwa megabiti 3 kwa sekunde.

Laini ya pili, ya mnara wa upande wa Mtae: sebuleni haikushika, bandani RSRP -103 na SINR 14. Saa mbili usiku kasi ilikuwa megabiti 12.

Ninachoshangaa ni kwamba mnara wa mbali, ambao mawimbi yake ni dhaifu zaidi, ndio uliotoa kasi kubwa. Naomba ufafanuzi, na pia ushauri kuhusu umeme, maana hapa unakatika mara kwa mara nami nina paneli ndogo ya sola ya taa. Zaidi ya hapo, nimesikia kuna mnara mwingine unakuja kujengwa kwenye kata yetu. Nisubiri?

Fundi_Makete

Kazi nzuri, Mwalimu. Namba zako zimeeleza kila kitu, na chagua laini ya pili bila kusita.

Ufafanuzi ni huu. Katika 4G, minara ya kampuni moja hutumia masafa yaleyale kila mahali. Ukiwa mahali pa wazi kama mteremko wako, unauona mnara wako na wakati huohuo unaiona mingine ya kampuni hiyohiyo iliyotapakaa ng'ambo ya bonde, yote ikizungumza kwa masafa mamoja. Ni kama kumsikiliza mtu anayesema kwa sauti kubwa katikati ya soko: sauti inakufikia, maneno huyapati. SINR ya 4 ndiyo soko hilo. Mnara wa pili unasikika kwa sauti ndogo, lakini kilima chenu kinazuia wenzake, ndiyo maana unapata 14. Jambo la pili ni wingi wa watu. Kasi ya mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati huo, na huenda mnara wa karibu unahudumia kijiji kizima, soko na shule yenu.

Sasa tazama tofauti ya sebuleni na bandani kwa laini ya kwanza: kutoka -112 hadi -96 ni desibeli 16, yaani nguvu karibu mara arobaini, na hujanunua antena yoyote. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ruta ikae bandani, si sebuleni. Itundikie kwenye kisanduku cha plastiki kisichopitisha maji, nje ya bati, upande unaotazama mnara, kisha vuta waya wa LAN, ule wa kuunganishia vifaa vya mtandao, hadi nyumbani na uweke kifaa kidogo cha kusambazia Wi-Fi ndani. Waya wa LAN unafika mita 100 bila kupoteza kitu, hivyo thelathini si tatizo. Nunua wenye nyuzi za shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba hukatika haraka na hazifai kupitishia umeme. Upitishe ndani ya bomba la plastiki, kwani jua la mlimani hulichubua ganda la waya wa ndani, na panya wa bandani humaliza kazi iliyobaki.

Watu wengi hufanya kinyume: huacha ruta sebuleni, hupandisha antena juu ya nguzo, na huunganisha kwa waya mwembamba wa mita ishirini. Waya wa aina hiyo, ule uitwao RG58, hupoteza takribani desibeli moja kwa kila mita katika masafa ya juu. Antena ya kuelekeza inakuongezea desibeli nane au kumi, waya unazimeza zote na kuchukua na nyingine. Ukitaka antena baadaye, iwe karibu na ruta kwa waya mfupi, na ziwe mbili au moja yenye plagi mbili, kwa sababu 4G hutumia njia mbili kwa pamoja. Ukiunganisha moja tu, unaweza kupoteza karibu nusu ya kasi. Kwa SINR ya 14, hata hivyo, usiinunue kwanza.

Radi, Mwalimu, ni jambo zito huko Usambara. Usiiweke ruta kuwa kitu kirefu kuliko vyote. Shuka chini kidogo ya kilele cha bati iwapo vipimo vinaruhusu. Nguzo ya chuma iwe na waya wa ardhi uliochomekwa kwenye fimbo ya shaba, na mvua ya ngurumo ikianza, chomoa waya wa LAN upande wa nyumbani pamoja na chaja.

Kuhusu mnara mpya: Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na kuiongezea uwezo minara 304 iliyokuwa na 2G tu. Uliza ofisi ya kata kama yenu imo, kampuni ipi imepewa, na kama itawasha 4G. Lakini usisubiri. Ukinunua ruta isiyofungwa na yenye bendi za 28, 20 na 3, siku mnara huo ukiwaka utabadilisha laini tu.

Jirani_wa_Wundanyi

Hamjambo wote. Naandika kutoka Wundanyi, Taita, milima inayofanana na yenu, na naomba nijibu kuhusu umeme kwa kuwa sisi pia stima hupotea.

Ruta nyingi za aina hii hutumia volti 12, ingawa nyingine ni volti 9, kwa hiyo soma kibandiko cha chaja kwanza. Matumizi yake halisi huwa kama wati 6. Kwa saa 24 hiyo ni watisaa 144, na kifaa cha Wi-Fi cha ndani kinaweza kuongeza karibu kiasi hichohicho. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina watisaa 600, lakini usiitumie zaidi ya nusu la sivyo itakufa mapema. Vifaa vyote viwili vikiwaka, hiyo ni karibu siku nzima bila stima wala jua. Ukizima usiku, inafika siku moja na nusu au zaidi. Paneli ndogo ya taa haitatosha peke yake. Tafuta ya wati 80 au 100, hasa kwa miezi ya ukungu.

Usiunganishe betri moja kwa moja na ruta. Betri ikichajiwa na sola hupanda hadi volti 14 na ushee, na ruta nyingi haziwezi kuvumilia hilo kwa muda mrefu. Weka kidhibiti kinachotoa volti 12 thabiti. Usitumie inveta vilevile, maana kubadilisha umeme wa betri kuwa wa ukutani, kisha chaja iurudishe kuwa volti 12, ni kupoteza watisaa bure.

Huku Kenya wengi sasa wananiuliza kwa nini sichukui Starlink, intaneti ya setilaiti, ambayo ilianza kutuhudumia Julai 2023. Ni huduma nzuri, na kwa boma lisilofikiwa na mnara wowote ndiyo ningeipendekeza. Lakini sahani yake ya kawaida hula wati 75 hadi 100, zaidi ya mara kumi ya ruta yako. Kwa nyumba inayotegemea betri moja, gharama kubwa itakuwa kwenye sola wala si kwenye kifurushi. Mwenye mnara unaompa megabiti 12 saa mbili usiku hana haraka ya kwenda angani.

Mwalimu_Usambara

Nimeelewa vizuri. Nitanunua ruta isiyofungwa, niiweke bandani kwa laini ya pili, na kijana atachimbia bomba la waya. Swali la mwisho: nikishaitundika, nitajuaje kwamba nimeielekeza sawasawa?

Fundi_Makete

Fungua ukurasa wa vipimo kwenye simu huku mtu mwingine akiigeuza ruta kidogo kidogo, robo ya mzunguko kila mara. Baada ya kila mgeuko subiri nusu dakika, kwa sababu namba huchelewa kutulia, na kama ruta inaonyesha namba ya mnara iliyojiunga nao, hakikisha haijahamia mwingine. Fuata SINR, si RSRP. Ikikupa 14 au zaidi, kaza skrubu, kisha pima kasi saa mbili usiku kwa siku chache mfululizo. Ukimaliza, badilisha nywila ya ukurasa wa mipangilio pamoja na ile ya Wi-Fi, kwa kuwa zile za kiwandani zimeandikwa chini ya ruta, na banda la ng'ombe halina kufuli.